Mpira wa Ukutani

Kariakoo, Dar es Salaam
21 Januari 2024

Mdogo wangu Abdulrazak,

Asalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na hiyo baridi yenu ya Kanada haijakugandisha. Sisi huku, ukiacha lile lililotufika, hatujambo. Mtaa ni ule ule. Tangu asubuhi wachuuzi wako hapo chini na vipaza sauti vyao, na mimi huku juu ghorofa ya tatu nawasikia wakinadi mashuka utadhani wananisema mimi.

Pole zako nimezipata. Umefanya vizuri kusema tuandikiane. Siku ya mazishi tulipigiana simu tukalia wote wawili mpaka salio likakata, hatukuambiana lolote la maana. Na siku hizi simu ikilia naiogopa, maana kila anayepiga anataka nimsimulie upya jinsi mume wangu alivyoondoka. Khalfani kaondoka ameshika kikombe cha chai, basi. Sina la kuongeza.

Eda naendelea nayo. Wifi Amira alikaa nami siku za mwanzo, sasa karudi kwake Mbagala. Anayeninunulia vitu sokoni ni Scholastika, jirani wa mlango wa pili, yule mama wa Rombo mwenye duka la vitenge. Barua hii pia ni yeye atakayeipeleka Posta.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Kifurushi chako kimefika juzi. Vibao viwili na mipira yenye matundu. Ulivituma tukiwa wawili, vimefika niko mmoja. Unajua shemeji yako alivyoupenda huo mchezo wako wa pikoboli, wa kupigiana mpira kwa vibao juu ya wavu, bila hata kuuona. Kila barua yako alitaka nimsomee mara mbili, hasa pale panapotajwa yule rafiki yako Wilbert anayepiga kwa mkono wa kushoto. Mwezi wa kumi na moja alipanda juu ya paa na futi ya kupimia vitambaa, akarudi anahema, akasema uwanja unaenea, tunamsubiri Razaki tu.

Uliahidi kuja kutufundisha. Eda yangu inaisha mwanzoni mwa Mei. Nakuuliza waziwazi: utakuja? Nataka mtu wa kusimama upande wa pili.

Dada yako,
Zulekha

*

Calgary
11 Februari 2024

Shikamoo dada Zulekha,

Mimi sijambo, nawe naomba Mungu akutie nguvu. Theluji imefika magotini, na kazi ya kufua mashuka ya hoteli ni ile ile. Huenda mashuka wanayonadi hapo chini kwako nimeyafua mimi. Nisalimie Scholastika, mwambie namshukuru.

Nitakuja. Mei ikifika nitakuwa hapo. Ila usikae bure kunisubiri, maana nikija nikukute hujui kushika kibao nitakuonea huruma, na wewe hupendi kuonewa huruma. Anza na mazoezi ya ukutani. Toa kabati la viatu kwenye ukumbi wenu. Chora ukutani mstari wa chaki usawa wa kiuno. Huo ndio wavu. Simama hatua chache nyuma, upige mpira kidogokidogo upite juu ya mstari tu, urudi, udunde, uupige tena. Usitumie nguvu. Kibao kishike kama unavyoshika kifaranga, asitoroke na asife. Mkono wenyewe usifanye kazi kubwa, bega ndilo lisogee, na magoti yakunjwe kidogo.

Ukichoka na huo, tembea ukumbi mzima ukiudundisha mpira juu ya kibao, mara upande huu, mara upande ule. Utaona mchezo wa watoto, lakini mkono unajifunza wenyewe.

Jumamosi Wilbert aliupiga mpira kwa nyuma ya mgongo, watu wakacheka sana. Ningependa shemeji angekuwepo nimsimulie.

Mdogo wako,
Razaki

*

Kariakoo
9 Machi 2024

Mdogo wangu Razaki,

Marahaba. Barua yako imechukua zaidi ya wiki mbili, nikadhani umeenda kuifua na mashuka. Ramadhani imeshagonga hodi. Scholastika kaniletea tende na tambi, na kasema Mfungo huu atafuturu kwangu siku asizokuwa na wateja wa mwisho mwisho, ingawa kwao nako ni Kwaresima. Kwa hiyo tutashinda njaa sote wawili, kila mmoja kwa imani yake.

Nimefanya ulivyosema. Mpaka nimezoea, mpira umenipiga puani, umevunja glasi ya taa, umeingia kwenye sufuria ya uji. Siku ya nne wifi Amira alikuja bila kuniarifu, akasimama mlangoni akisikiliza ko, ko, ko. Alidhani nagonga ukuta kwa majonzi. Alipoona kibao ndipo alipokasirika. Akaniambia eda ni ya kutulia, watu watasema nini. Nikamjibu nimeshamuuliza ustadhi wetu na hakuona ubaya wowote, niko ndani ya nyumba yangu, nimejisitiri, sijipambi wala sitoki. Akachukua mkoba wake. Alipoondoka nililia kidogo, kisha nikarudi ukutani.

Nikuambie kitu usinicheke. Mwisho wa ukumbi nimeyaweka makubazi ya Khalfani, yale ya ngozi aliyokuwa akivaa kwenda msikitini. Nimeyapanga yakinitazama. Wifi alitaka kuyagawa pamoja na nguo, nikayaficha. Naona bora kuwe na mtu pale, hata kama ni viatu tu.

Ukutani naupiga vizuri sasa. Nipe mengine. Na uniambie tarehe yako ya kuja, nimwandae Scholastika aende kukupokea uwanja wa ndege.

Zulekha

*

Calgary
30 Machi 2024

Shikamoo dada,

Nakutakia mwisho mwema wa Mfungo. Mimi nafuturu chumbani kwangu, mikate na supu, na mwadhini wangu ni simu.

Sijacheka habari ya makubazi. Yaache hapo hapo, tutayatumia. Weka beseni mbele yake kidogo. Dundisha mpira mara moja, kisha uunyanyue taratibu upande juu, ushuke ndani ya beseni. Hili ndilo pigo gumu kuliko yote. Mtu mwenye pupa hulikosa, kwa hiyo najua utahangaika. Ukiweza, sogeza beseni. Ukiweza tena, funga jicho la tamaa, usiongeze nguvu.

La pili ni miguu. Tandika kanga sakafuni, uende nayo kiubavuubavu kama kaa, usipishanishe miguu. Kila ukisikia mpira umegonga ukuta, tulia na visigino vyepesi, kisha ndio uende. Wanaojua mchezo huu wanasimama kabla ya kupiga. Ninawaona kila wiki.

Yule mama wa kofia nyekundu niliyekuwa nikiwaandikia habari zake, juzi alicheza na mjukuu wake. Walishinda.

Razaki

*

Kariakoo
28 Aprili 2024

Razaki mdogo wangu,

Marahaba. Barua hii itachelewa, nakuambia mapema. Mvua mwaka huu ni ya kutisha. Mto Msimbazi umejaa mpaka barabara ya Jangwani ikafungwa, na kule bondeni watu wametolewa majumbani. Huku kwetu juu tuko salama, ila soko lilikuwa limenyamaza siku kadhaa. Mimi nisiyetoka ndiye niliyelisikia hilo kuliko wote. Ilikuwa mvua na mpira wangu tu.

Idi imepita. Sikuvaa kipya, ndivyo inavyotakiwa, na hata ingeruhusiwa nisingevaa. Wageni walikuja asubuhi, walikula, wakaondoka. Adhuhuri nikajikuta nimepakua pilau sahani mbili. Nimeishi na mtu yule miaka thelathini na moja, mkono bado haujapata habari. Nilikaa mbele ya sahani ile mpaka Scholastika akabisha hodi, akaila yeye, hakuuliza ilikuwa ya nani.

Mpira unaingia kwenye beseni. Si kila mara, lakini unaingia. Unaponikubali najisikia kumwita mtu aje aone, kisha nakumbuka.

Razaki, barua yako ilikuwa na beseni, na kanga, na kaa, na kofia nyekundu. Tarehe haikuwemo. Nimeisoma na kuigeuza nyuma. Wiki ijayo natoka eda. Uko njiani au hauko njiani?

Zulekha

*

Calgary
19 Mei 2024

Shikamoo dada Zulekha,

Pole na mvua. Barua yako imefika siku ambayo naamini umeshaoga na kuvaa nguo za kutokea. Hongera kwa kumaliza salama. Shemeji angejivunia.

Safari yangu imesogea. Kazini kuna watu wameondoka, msimamizi hataki kusikia habari ya likizo. Nadhani mwezi wa saba, au baada yake kidogo.

Sasa umefika kwenye zoezi la karibu na ukuta. Sogea mpaka ukiunyoosha mkono unakaribia kugusa. Piga mpira bila kuuacha udunde, tap, tap, tap, kibao kikiwa mbele ya kifua. Usirudishe mkono nyuma, hakuna nafasi. Ukishaweza, piga kwa upande wa nyuma wa mkono peke yake. Mimi hili nalifanya kila siku nikitoka kazini, kuna ukuta mzuri sana nyuma ya maegesho ya magari. Hata theluji ikiwepo nalifanya.

Wilbert hajambo.

Razaki

*

Kariakoo
23 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Niko mzima, na Idi ya kuchinja imepita salama. Amira kaniletea nyama, tumepatana.

Nina mambo mawili. La kwanza sikutaka kukuandikia. Eda ilikwisha na mimi sikutoka. Niliogeshwa, nikavishwa, nikafukizwa udi, wakaniambia dada sasa uko huru, wakaenda zao. Nikakaa. Mei yote nilikaa. Kila asubuhi nilijiambia nangoja Razaki aje, nitatoka naye. Barua yako ya kusogeza safari ilipofika nilijifungia, nikapiga mpira mpaka kiganja kikavimba.

Scholastika alisikia. Akaingia bila hodi, akafunga duka lake Jumamosi, na unajua Mchaga kufunga duka Jumamosi ni jambo la kuandikwa gazetini. Akaniambia, "Dada Zule, humu ndani utaota ukungu. Mteja wangu mmoja kaniambia Upanga kuna ukumbi wanacheza hicho kimchezo chako. Vaa raba, twende zetu."

Nikaenda. Wamepiga mistari ya utepe kwenye uwanja wa mpira wa vinyoya. Wapo mama wa Kihindi, makarani wa benki, mwalimu mstaafu. Nikapewa nafasi. Walipoona mkono wangu walishangaa, Razaki, nisijisifu. Mapigo laini yote nilikuwa nayo. Wakaniuliza nimecheza miaka mingapi.

La pili ndilo hili. Mchezo ulipoanza waliniambia, taja pointi. Sikujua. Kumbe kabla ya kuanzisha mpira lazima uzitaje kwa sauti, wote wasikie. Halafu mpira ukaja katikati yangu na mwenzangu, nikaukimbilia kimya kama nilivyozoea, tukagongana vichwa. Kila mtu pale anapiga kelele mpira ukiwa hewani. Yangu! Yako! Iache! Ukiingia wanasifiana, ukitoka nje wanabishana. Ule uwanja una kelele kuliko soko letu hapo chini. Yule mwalimu mstaafu akanishika bega, akaniuliza kwa upole, "Mama, nani kakufundisha wewe? Mbona amekufundisha kila kitu isipokuwa kusema?"

Nimerudi nyumbani nikazitoa barua zako zote, hata zile tulizosoma na Khalfani. Miaka miwili umetuandikia habari za Wilbert. Anavyopiga, anavyovaa, anavyofuta jasho. Hakuna hata siku moja Wilbert amesema neno. Na mazoezi yako yote, mdogo wangu, ni ya mtu mmoja.

Sikugombezi. Nakuuliza tu.

Zulekha

*

Kariakoo
18 Agosti 2024

Razaki,

Mwezi wa saba umepita. Naenda Upanga kila Jumamosi na mara nyingine Jumatano. Nimejifunza kupiga kelele. Makubazi nimempa Amira, akampe anayeyahitaji.

Andika hata mstari mmoja. Sitaki kupiga simu tukalia tena.

Dada yako

*

Calgary
1 Septemba 2024

Shikamoo dada yangu,

Nimezima na kuwasha taa ya meza hii kila siku tangu barua yako ya Juni. Leo naandika bila kuacha.

Ukumbi wa michezo uko mkabala na nyumba ninayopanga. Ndani ya mlango kuna benchi la wanaosubiri, na kati ya benchi na uwanja kuna kioo kikubwa. Nilianza kukaa pale majira ya baridi kwa sababu kuna joto, wala hawafukuzi mtu. Nikaupenda mchezo. Nikanunua kibao. Miaka miwili natazama kupitia kioo kile, dada, na kioo kile ni kinene. Sikuwahi kusikia kitu. Nilidhani wanacheza kimya. Nilipenda hivyo, niliona ni mchezo wa watu kama mimi.

Nikirudi naenda ukutani, nyuma ya maegesho, kujaribu niliyoyaona. Ndiyo niliyokuandikia. Mazoezi yale si ya uongo.

Wilbert yupo kweli. Ila hanijui. Jina nimempa mimi, la yule jirani yetu wa utotoni Mtaa wa Msimbazi, kwa sababu wanafanana mabega. Jina lake halisi silijui. Shemeji alipokuwa akimsalimia kwenye barua, nilikuwa nasoma salamu hizo na kumtazama kupitia kioo. Sikuwahi kumfikishia.

Na kuja siwezi. Karatasi zangu za ukaazi hazijakamilika mpaka leo. Nikitoka hapa sitaruhusiwa kurudi, na nikirudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka kumi na minne sijui nitamtazama nani. Ndiyo maana mama alizikwa sipo, na Khalfani kazikwa sipo. Nilikuahidi Mei kwa sababu ulikuwa ndani peke yako na nilitaka uwe na mtu wa kumsubiri. Mimi najua kukaa bila mtu wa kumsubiri kulivyo.

Nisamehe. Sina zoezi la kukupa safari hii. Umeshanipita.

Razaki

*

Kariakoo
22 Septemba 2024

Mdogo wangu Razaki,

Marahaba, na asalaam alaikum. Hatujambo wote. Scholastika anakusalimu, kanunua kibao chake mwenyewe na anapiga kama anapepeta mchele, lakini anakuja. Amira naye kaja mara moja kututazama, akasema ni kelele tupu, na Jumamosi iliyofuata akaja tena.

Nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma. Kisha nikakasirika, kisha nikalia, kisha nikapika. Kama karatasi haziruhusu, haziruhusu. Nilitaka usimame upande wa pili wa wavu, basi tena. Lakini usifikiri sikukuona ukiwa hapa. Wakati nyumba hii ilikuwa kaburi la pili, kilichokuwa kikiniinua kitandani ni beseni lako na kanga yako. Uongo wako umenitoa nje, na wewe mwenyewe umebaki ndani. Hilo ndilo siwezi kukusamehe, ukiliacha hivyo.

Kwa hiyo leo nakupa zoezi mimi. Ni moja tu. Huku kwetu mtu akifika anaegemeza kibao chake ukutani, kwenye foleni na vya wengine. Kibao chako kikifika mbele, unaitwa. Hakuna anayekuuliza wewe ni nani wala umetoka wapi, kibao ndicho kinachokushikia zamu. Huko kwenu lazima iwe hivyo hivyo, na najua umeshaviona vikiwa vimepangwa. Nenda Jumamosi. Pita kile kioo. Weka kibao chako mwisho wa mstari, halafu usiondoke. Hapo pa kutoondoka ndipo penye kazi, kuliko beseni. Mimi siku ya kwanza Scholastika alinishika mkono, nusura nikimbie.

Ukiitwa, sema. Hata kama unakosea, sema.

Na ukimwona Wilbert mpe salamu za Khalfani. Zimechelewa, lakini zilikuwa za kweli.

Dada yako,
Zulekha

*

Calgary
20 Oktoba 2024

Dada,

Nimeacha salamu za juu kwa haraka ya kukusimulia, utanisamehe.

Jumamosi ya kwanza nilifika mlangoni nikarudi. Ya pili nilikiweka kibao, nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka zamu yangu ikapita. Jana nilikiweka, nikasimama. Nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi lile lile.

Wakaita. Wanne uwanjani, na mimi nikiwa mmoja wa wanne. Upande wangu alisimama yeye, Wilbert, karibu kiasi kwamba nilisikia anavyohema. Na ni kweli, dada, wanapiga kelele. Mtu mzima mwenye mvi anapiga kelele kama mwanafunzi. Mpira wa kwanza nikaupiga wavuni. Wa pili ukatoka nje. Mkono uliojua kila kitu ukutani ulikuwa umekufa.

Kisha ukaja mmoja wa juu, katikati yetu, kati yangu na yeye. Nikaona ananitazama. Nikafungua mdomo na kilichotoka ni Kiswahili. Nikasema kwa sauti kubwa, "Yangu!"

Hakuna aliyelielewa neno lile, ila alinipisha. Nikaupiga laini, kama wa kwenye beseni, ukashuka nyuma ya wavu tu, wakashindwa kuufikia. Akagonga kibao chake na changu.

Tumefungwa vibaya. Mwishoni akaniuliza jina, nikamwambia, akalikosea, nikamrudishia taratibu mpaka akaliweza. Kisha nikamwambia nina salamu zake kutoka kwa shemeji yangu wa Dar es Salaam. Akashangaa, akaketi nami kwenye benchi, akataka nimsimulie shemeji yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nilimsimulia habari za paa na futi ya vitambaa, na hakuwa na haraka ya kuondoka.

Anaitwa Russell. Alhamisi nina zamu tena uwanjani.

Razaki